Kwa fundi redio, kata kushoto

Mama mmoja mkazi wa Sogea, mjini Tunduma, alimtuma mwanawe wa miaka tisa apeleke kitenge kwa shangazi yake. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, na maelekezo yalikuwa mepesi.

"Shuka na njia hii mpaka kwa fundi redio, hapo kata kushoto. Utapita studio ya picha. Ukifika duka la mafuta ya taa umefika, uliza nyumba ya shangazi yako. Usicheze njiani."

Mtoto aliitikia, akaweka kitenge kwapani, akaondoka.

Pale kwa fundi redio hapana redio hata moja. Fremu ile imekuwa ya wakala wa fedha, kisha saluni, na sasa inauza vifuniko vya simu. Studio ya picha imegeuka stoo ya vinywaji. Duka la mafuta ya taa lilivunjwa, na juu yake imesimama gesti ya ghorofa mbili yenye vioo vya bluu. Mama alijua hayo yote, maana hupita hapo kila wiki. Lakini mdomo wake bado unataja mji wa zamani. Alimpa mwanawe ramani ya mji aliokulia yeye, wakati mtoto anakulia mji mwingine kabisa.

Katika miji mingi, mtoto akikosea kona atachelewa kidogo na kurudi na vumbi miguuni. Tunduma ni tofauti. Mpaka wa Tanzania na Zambia unapita katikati ya makazi, na mji wa Nakonde umeshikana na Tunduma kama vidole vya mikono miwili. Zipo sehemu ambazo kinachotenganisha nchi na nchi ni kichochoro tu. Mtoto akikata kulia badala ya kushoto, hatua chache mbele bei zinatajwa kwa kwacha.

Saa moja ilipita. Shangazi alipigiwa simu, akasema hajamwona mtoto.

Mji uliozaliwa na njia

Ili kuelewa kwa nini maduka ya Tunduma hayakai, inafaa kukumbuka kwamba mji wenyewe ulianza kama mahali pa kupita.

Mwaka 1890, Waingereza na Wajerumani walikubaliana huko Ulaya jinsi ya kugawana eneo lililo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Mstari wao uliwakuta Wanyamwanga wakiishi kwenye ardhi yao, ukawaacha nusu huku na nusu kule. Mpaka leo familia nyingi za Tunduma zina mjomba, shangazi au bibi upande wa Nakonde. Msiba ukitokea upande mmoja, ndugu wa upande wa pili huvuka na mikeka yao.

Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, nchi ambayo leo ni Zimbabwe, walijitangazia uhuru wao. Zambia ilikuwa ikitegemea njia za kusini kuingiza mafuta na kutoa shaba, na ghafla ikalazimika kugeukia Dar es Salaam. Malori ya mafuta yakaanza kupita kwa wingi kwenye barabara ya vumbi iliyogeuka tope kila masika. Madereva wa kigeni waliiita njia ya jehanamu. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kupeleka mafuta Ndola, na baadaye barabara ikawekwa lami. Kisha ikaja reli. Ujenzi wa TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ulianza mwaka 1970 kwa mkopo wa China usio na riba. Mataruma yalifika Tunduma mwaka 1973, na reli nzima ikakabidhiwa kwa nchi hizi mbili mwaka 1976.

Kila kilichopita kiliacha duka. Malori yalileta mama lishe, gesti na mafundi gereji. Treni ilileta wauza ndizi, karanga na chai ya moto, ambao siku zao zilipangwa na ratiba ya stesheni. Treni za abiria zilipopungua na kuchelewa, wauzaji hao walifunga meza zao mmoja mmoja. Stesheni bado ipo pale pale ilipojengwa. Haina tena wateja wa kumngojea muuza chai.

Watu nao wameongezeka. Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta wakazi wa mji wa Tunduma hawajafika laki moja. Sensa ya 2022 iliwakuta wamepita laki mbili. Katikati ya sensa hizo mbili, mwaka 2016, Songwe ilimegwa kutoka Mbeya na kuwa mkoa unaojitegemea, makao makuu yake yakiwa Vwawa. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya watu wanaotembea leo katika mitaa ya Sogea, Majengo, Kaloleni au Maporomoko hawakuwapo miaka kumi kabla ya sensa hiyo ya mwisho. Ama walikuwa hawajahamia, ama walikuwa hawajazaliwa. Ukiwaambia "pale kwa fundi redio", watakutazama tu.

Maduka yaliyoaga bila kuaga

Hakuna siku duka hufanyiwa mazishi. Mlango unafungwa Jumatatu kwa sababu mwenye duka anaumwa, Jumatano watu wanazoea, na mwezi unaofuata anaonekana kijana mgeni akipaka rangi mpya.

Mafuta ya taa yalikuwa bidhaa ya kila nyumba. Mtoto alitumwa na chupa, akapimiwa kwa kikombe, akarudi akiwa ameishika mbali na nguo. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili bei yake isiachane mno na ya dizeli, kwa sababu wafanyabiashara walikuwa wakichakachua. Bei ikapanda, na nyumba nyingi zikatafuta njia nyingine. Zikaja taa za sola, tochi za betri, na umeme wa gridi ukasogea mtaa kwa mtaa. Koroboi ikaingia uvunguni, na muuza mafuta ya taa akaingia kwenye mazungumzo ya zamani.

Studio ya picha ilikuwa mahali pa heshima. Familia ilivaa nguo za Krismasi au Idi, ikasimama mbele ya pazia lenye mandhari ya bahari, ingawa wengi hapo walikuwa hawajawahi kuiona bahari. Ikangoja wiki nzima picha zisafishwe. Simu zenye kamera zilipofika, picha ikawa bure na wiki ya kungoja ikawa sekunde moja. Studio chache zilizobaki zinaishi kwa picha za pasipoti na vitambulisho.

Maduka ya kanda yalikufa mara mbili. Kwanza zilikufa kanda za kaseti, wenye maduka wakahamia kwenye sidii. Kisha zikafa sidii, wakahamia kwenye kuweka nyimbo katika kadi za kumbukumbu. Sasa hata kazi hiyo imepungua, kwa kuwa kijana anavuta wimbo mwenyewe kwa bando lake. Banda la video, ambalo wazazi wengi waliokuwa watoto miaka ya 1990 walichapwa kwa ajili yake, limebaki na mechi za mpira tu.

Juni 1, 2019, Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki. Kwa mji wa mpakani, ambako kila mtu hubeba kitu, rambo ilikuwa biashara kamili: wapo waliouza kwa jumla, wapo watoto walioiuza sokoni baada ya shule. Biashara hiyo iliisha siku hiyo. Mitaro ilinufaika, na hakuna anayetamani irudi. Lakini kwa aliyekuwa na mtaji wake wote ndani ya marobota ya mifuko, siku ile haikuwa ya usafi wa mazingira.

Kibanda cha simu cha kulipia nacho kilikuwapo. Mwaka 2008 huduma ya M-Pesa ilianza nchini, na zikafuata nyingine za mitandao mingine. Vibanda vilivyokuwa vikiuza vocha za kukwangua vikageuka vya mawakala. Leo mtu anayetembea kutoka stendi kuelekea mpakani atahesabu miamvuli ya mawakala mpaka achoke, na chini ya mwamvuli mmoja huenda ameketi mtu aliyewahi kuuza vocha, na kabla ya vocha kanda, na kabla ya kanda mafuta ya taa.

Kwacha ikipanda, mtaa unahama

Mabadiliko ya simu na kamera yamefika kila mji. Tunduma ina jambo lake la ziada, nalo ni duka linaloishi kwa thamani ya fedha ya jirani.

Hesabu yake ni rahisi hata kwa mtoto wa darasa la nne. Kwacha ikiwa na nguvu mbele ya shilingi, mnunuzi kutoka Nakonde anaona kila kitu Tunduma ni rahisi. Anavuka, ananunua mchele, vitenge, ndoo na godoro, na maduka ya upande wa Tanzania yanajaa. Kwacha ikianguka, hali inageuka. Mama wa Tunduma anavuka kufuata sukari, mafuta ya kula au unga, na duka la mtaani kwake linabaki na nzi. Mwenye duka anaweza kuwa mwaminifu, mkarimu na mwenye kuamka alfajiri, na bado akafunga kwa sababu ya jambo lililoamuliwa Lusaka.

Mwaka 2013 Zambia iliondoa sifuri tatu kwenye fedha yake, kwacha elfu moja ya zamani ikawa kwacha moja mpya. Kwa wabadilisha fedha wa mpakani, kilikuwa kipindi cha kuhesabu mara mbili mbili, na cha kumfundisha bibi aliyetoka kijijini kwamba hakuibiwa. Mei 2020, wakati wa korona, Zambia iliufunga mpaka wa Nakonde kwa muda baada ya maambukizi mengi kugundulika pale. Mji unaoishi kwa kuvuka ukaambiwa usivuke. Mwaka 2024 ukame uliikumba Zambia hadi ikatangaza janga la kitaifa, na mahindi ya Tanzania yakatafutwa kwa nguvu. Aliyekuwa akiuza viatu akafikiria magunia.

Kituo cha pamoja cha forodha, kilichozinduliwa Oktoba 2019 na marais John Magufuli wa Tanzania na Edgar Lungu wa Zambia, nacho kilipanga upya mji. Zamani dereva alikaguliwa akitoka nchi moja, kisha akakaguliwa tena akiingia nyingine. Sasa ukaguzi wa pande zote mbili unafanyika mara moja, katika nchi anayoingia. Foleni za malori hazijaisha. Zipo siku zinarudi nyuma hadi Chapwa na Mpemba. Lakini mahali mtu anaposimama, anapotoa nakala za karatasi, anapokula na anapolala pamebadilika, na mama lishe hufuata sufuria yake inakoitwa.

Hata lami ya barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, yenye zaidi ya kilomita 220, iliyojengwa kwa fedha za Marekani kupitia mfuko wa MCC, ilikuwa na duka lake la kuondoa. Safari iliyokuwa ikimeza siku nzima, na masika zaidi ya siku, ikawa ya saa chache. Abiria aliyekuwa akilala Tunduma akingoja usafiri wa asubuhi sasa anapita akinywa soda dirishani. Mgonjwa wa Rukwa alipata njia ya kufika hospitali kubwa Mbeya mapema. Mwenye gesti ndogo yenye vyumba vinne alipoteza wageni. Barabara moja, na yote mawili ni kweli.

Alama ukutani

Kuna njia nyingine ya duka kuondoka, na hiyo hutangulizwa na rangi. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Siku moja mtu anaamka anakuta X ukutani. Wenye maduka kando ya barabara kuu wanaijua lugha ya rangi zake: nyekundu ni ya aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani, na kijani ni ya yule aliyefuatwa na sheria mpya na anayestahili kufikiriwa fidia.

Duka lenye X linaweza kuendelea miaka. Mwenye duka hapaki rangi, hatengenezi paa, haongezi rafu. Watoto wake wanakua wakijua kwamba hapa ni pa muda. Duka la namna hiyo huwa limeshaanza kuondoka muda mrefu kabla ya tingatinga kufika.

Na kwa wasio na X, kuna kodi ya fremu. Mji ukikua, fremu iliyokuwa ya fundi cherehani inatakiwa na mwenye duka la simu anayeweza kulipa ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Mwenye nyumba naye ana watoto wanaosoma, na ni vigumu kumlaumu. Fundi anabeba cherehani yake kichwani hadi barazani kwa jirani. Wateja wanaomjua wanamfuata. Wasiomjua wananunua nguo ya mtumba.

Wamachinga wanalijua hili kuliko wote. Mwishoni mwa 2018 walipewa vitambulisho kwa shilingi 20,000, wakaambiwa wafanye kazi bila kubughudhiwa. Mwaka 2021 ukaja mpango wa nchi nzima wa kuwapanga upya na kuwahamishia kwenye maeneo maalumu. Meza iliyokuwa kando ya njia ya shule ikahama. Mtoto aliyekuwa akinunua hapo kalamu na kuangaliwa akivuka barabara anavuka mwenyewe.

Kilichokuwa nyuma ya kaunta

Hapo ndipo penye uzito kwa mzazi. Mchele, sukari na sabuni zinapatikana bado, pengine kwa bei nafuu kuliko zamani. Kilichokuwa kikiuzwa bure ndicho kimepungua.

Duka la mtaani lilikuwa na daftari la mkopo. Jina la baba au mama, tarehe, kilo moja ya unga, nusu ya sukari, mche wa sabuni. Daftari lile lilijua nani ameachishwa kazi kabla jirani hajajua. Mwenye duka alijua mtoto gani analelewa na bibi, na nyumba gani ina mgonjwa. Leo mkopo upo kwenye simu, unatoka ndani ya dakika moja bila aibu ya kusimama mbele ya mtu. Una riba na una tarehe. Hauwezi kusema, "Lete tu ukipata, mama, mtoto asilale njaa."

Duka lilikuwa pia darasa. Mtoto alijifunza kusalimia kabla ya kuomba: "Shikamoo babu, mama anaomba kibiriti." Asiposalimia hakuhudumiwa, na taarifa ilifika nyumbani kabla yake. Alijifunza kuhesabu chenji. Tunduma alijifunza na lugha, kwani kwenye kaunta moja alisikia Kiswahili, Kinyamwanga, Kinyiha na Kindali, na mteja kutoka ng'ambo akiingia na "muli shani" ya Kibemba. Watoto wengi wa mpakani waliijibu salamu hiyo kabla hawajajua kuandika majina yao.

Zaidi ya yote, duka lilikuwa jicho. Mji wa mpakani una mambo ambayo kila mzazi wa Tunduma anayawaza usiku. Kuna malori mengi na madereva wasiojulikana. Kuna baa zilizo karibu na njia za shule, na kuna vijana wadogo wanaovutwa na fedha ya haraka ya kuvusha mizigo kwenye vichochoro na kuacha daftari la shule. Mwenye duka aliyekaa pembeni ya njia miaka kumi aliona mtoto nani anaongozana na nani saa za masomo. Alimwita kwa jina la mama yake. Mwamvuli uliofika mwezi jana hauwezi kumjua.

Si vizuri kuyapamba ya zamani kupita kiasi. Wenye maduka wengine walipunja mizani. Daftari la mkopo liliweza kuwa minyororo, na wapo mabinti waliosumbuliwa kwenye kaunta hizo hizo. Mabadiliko nayo yamelipa ada za shule: mama aliyekuwa akiuza karanga stesheni leo ana fremu ya vitenge, na binti yake anasoma chuo. Mtu anaweza kufurahia ghorofa mpya na bado akajiuliza ni nani sasa atakayemwona mtoto akipotea.

Kona ya pili

Jumamosi ile, mama wa Sogea aliifuata njia aliyomwelekeza mwanawe. Alifika kwenye duka la vifuniko vya simu. Kijana aliyekuwepo alisema hajaona mtoto yeyote, na hakusema uongo: alikuwa ameinamia simu ya mteja. Alipita stoo ya vinywaji. Alipofika kwenye gesti ya vioo vya bluu, alisimama na kuona alichomfanyia mwanawe. Hakuna hata neno moja kati ya maneno yake lililokuwa na mlango.

Alirudi akiangalia kulia, upande wa Nakonde, huku moyo ukimpiga. Ndipo aliposikia anaitwa kwa jina la baba yake, jina ambalo halitumiki tena mtaani.

Chini ya mti, kando ya gereji ya bodaboda, alikaa mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, mbele yake meza ndogo yenye chaja za simu, taa za sola zilizofunguliwa na bisibisi. Pembeni yake, juu ya ndoo iliyogeuzwa, alikaa mtoto, kitenge bado kwapani, akila kipande cha muhogo.

"Shikamoo mzee," mama alisema, na sauti ikakatika.

"Marahaba, mwanangu. Huyu nilimwona anazunguka hapa mara ya tatu, anaelekea kule chini mpakani. Nikamwuliza unatafuta nini, akasema anamtafuta fundi redio." Mzee alicheka kidogo. "Nikamwambia, fundi redio ni mimi. Halafu nikamtazama uso, nikaona huyu ni wa kwenu. Namba yako sina, na meza siwezi kuiacha, nikasema atakayemtafuta atapita hapa tu."

Alikuwa ameondoka kwenye fremu kodi ilipomshinda, akahamia ng'ambo ya njia, hatua zisizozidi mia. Redio zilipoisha aligeukia chaja, na chaja zikampeleka kwenye taa za sola. Mama alikuwa amepita mbele yake kila wiki kwa miaka, akienda haraka, na hakuwahi kugeuza shingo.

Ramani mpya

Mkoa wa Songwe una kitu kimoja kisichohama. Huko Mbozi, kwenye mteremko wa kilima, kimelala kimondo cha chuma chenye uzito wa zaidi ya tani kumi, kilichotangazwa kwa ulimwengu mwaka 1930. Shule huwapeleka watoto kukiona, wanakigusa, wanapiga picha, na mwalimu anaeleza. Ni safari nzuri. Lakini mtoto anaweza kuujua uzito wa kimondo na asijue jina la mtu anayekaa kwenye kona ya mtaa wake.

Safari ya pili haina nauli. Mzazi wa Tunduma, Mlowo, Vwawa au mji wowote unaobadilika upesi anaweza kutenga nusu saa ya Jumapili, akatembea na mwanawe kutoka nyumbani hadi shuleni au sokoni. Wasimame mahali pawili au patatu. Mtoto asalimie, aseme jina lake na la mzazi wake. Mwenye duka au meza aambiwe, "Huyu ni wangu, ukimwona mahali pasipofaa niite." Namba ya simu iachwe. Na mtoto afundishwe alama zisizohama haraka: shule, msikiti, kanisa, zahanati, reli. Kwa watoto wa mpakani, aonyeshwe kwa macho mahali ambapo hapaswi kuvuka bila mtu mzima.

Zoezi hilo lina faida nyingine. Mzazi atagundua kwamba wengi wa watu aliodhani wameondoka bado wapo. Mpiga picha wa zamani ni wakala wa fedha. Muuza mafuta ya taa anakodisha viti vya sherehe. Muuza chai wa stesheni amehamishia chupa zake kwenye foleni ya malori. Wote bado wanajua nani ni mtoto wa nani, ila hawajaulizwa siku nyingi.

Na hilo si la mara moja. Mwaka ujao baadhi ya miamvuli itakuwa imehama, fremu nyingine zitakuwa zimebadilisha rangi, pengine barabara itapanuliwa na reli kufufuliwa, kama ilivyokubaliwa Beijing mwaka 2024 kati ya China, Tanzania na Zambia. Matembezi yatabidi yarudiwe.

Mama wa Sogea ameshaanza. Wiki iliyofuata alimtuma tena mwanawe kwa shangazi, safari hii na chungu cha maharage.

"Shuka na njia hii mpaka duka la vifuniko vya simu," alisema, "ukifika hapo tazama ng'ambo, msalimie mzee chini ya mti. Mwambie unakwenda kwa shangazi. Kisha kata kushoto."

Mtoto alimtazama kidogo.

"Kumbe kwa fundi redio," alisema, akachukua chungu, akaondoka.